Usukani mzito na pampu inayolia asubuhi ya baridi kali: usikimbilie kununua pampu

Swali: Gari langu lina pawa stelingi ya oili. Asubuhi, baridi ikifika nyuzi 10 hadi 15 chini ya sifuri, usukani unakuwa mzito na pampu inalia kwa kuguna kwa dakika tano hivi. Baada ya hapo kila kitu kinakaa sawa, na mchana sioni shida yoyote. Nimeongeza oili lakini mlio upo palepale. Fundi ameniambia nibadili pampu. Nibadili?

Jibu: Ndugu, usibadili bado. Maelezo yako yenyewe yanaitetea hiyo pampu. Pampu iliyolika ndani hulia asubuhi na mchana, na kwa kawaida huzidi kulegea oili ikipata moto, maana oili nyepesi hupenya kirahisi kwenye nafasi zilizolika na presha inashuka. Yako inafanya kinyume: inateseka oili ikiwa nzito, inapona oili ikilainika. Kitu cha kwanza cha kutilia shaka ni oili yenyewe na njia inayoipeleka kwenye pampu.

Ukijua pampu inavyopata oili, mengine yatafuata. Upande wa kutoa, pampu ya gari dogo inaweza kufikisha presha ya bari 70 hadi 100 unapokata usukani mpaka mwisho. Upande wa kuingizia haina ubabe wowote. Inafungua nafasi tupu tu, na oili inasukumwa kuingia humo na uzito wake pamoja na mgandamizo wa hewa ya nje, ambao ni bari moja. Oili ikiwa nzito kama asali, au njia ikiwa imeziba kidogo, nafasi ile haijai kwa wakati. Ndani yake panatokea ombwe na viputo, na viputo hivyo vikifika upande wa presha vinapasuka kwa kishindo kidogo, maelfu kwa maelfu kila dakika. Huko kuguna unakokusikia ndiko huko. Usukani nao unakuwa mzito kwa sababu pampu inasukuma mchanganyiko wa oili na utupu.

Hapo hapo lipo kosa ambalo madereva wengi hulifanya: wakisikia mlio, wanakanyaga mafuta ili gari lipate moto haraka. Pampu inazungushwa na injini kwa mkanda, kwa hiyo ukipandisha mizunguko unaidai oili nyingi zaidi wakati njia haiwezi kuipitisha hata ile kidogo. Viputo vinaongezeka na vinachonga chuma. Pampu nzima inaweza kuharibiwa namna hii kipupwe kimoja baada ya kingine, mpaka siku moja yule fundi anakuwa amesema kweli.

Sasa tuanze na oili, maana umesema umeongeza lakini hukusema umeongeza ipi. Magari mengi, hasa ya zamani, yanatumia oili ya gia otomatiki ya aina ya Dexron, ile nyekundu. Kipimo cha Dexron III kiliruhusu mnato (uzito wa oili katika kutiririka) wa hadi sentipoizi 20,000 kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Dexron VI ilishusha kiwango hicho hadi 15,000. Maji ya kawaida ni 1. Oili za sintetiki za haidroliki, kama Pentosin CHF 11S ambayo magari mengi ya Ulaya huitaka, kwenye baridi hiyo hiyo zina mnato mdogo kuliko huo kwa zaidi ya mara kumi. Gari lililoundwa kwa oili ya aina hiyo, likiwekewa oili nyekundu, litaenda vizuri kabisa wakati wa joto. Likikutana na baridi kali litalia kama lako. Honda nao wana oili yao, na huonya kwamba ukitia nyingine usukani unaweza kusumbua wakati wa baridi.

Kwa hiyo soma kifuniko cha kikopo cha oili, kile kinachohifadhi oili ya stelingi kwenye gari, na kitabu cha gari. Usiamini rangi. CHF ni ya kijani, na LHM ya Citroën za zamani ni ya kijani vilevile, lakini ni oili mbili tofauti zisizofaa kubadilishana. Na kama yupo aliyewahi kumimina oili ya breki humo kwa kukosea, usiwashe injini tena: oili hiyo huvimbisha sili za mpira za mfumo huu, na muda si mrefu kila kiungo kitavuja.

Hata oili sahihi huchoka. Chovya kitambaa cheupe au karatasi kwenye kikopo. Ikitoka nyeusi na inanuka kuungua, imekwisha; weusi huo ni mchanganyiko wa oili iliyopikwa, unga wa mpira wa hozi na chembe za chuma. Ikitoka na rangi ya maziwa, ina maji au hewa. Iache itulie saa moja: ikirudi kung'aa ilikuwa hewa, ikibaki na ukungu ni maji, na maji kwenye baridi yako yanaganda ndani ya chujio na valvu. Hiyo si ya kungojea.

Kiwango nacho kina mtego wake. Oili hunywea ikipoa. Mfumo wa kawaida una lita moja hivi, na kutoka nyuzi 80 za gari lililokwisha kutembea hadi nyuzi 15 chini ya sifuri inapungua ujazo kwa karibu mililita 65, yaani vijiko vinne vya chakula. Kikopo chenyewe ni kidogo. Ukijaza mpaka alama ya baridi wakati gari lina moto, kesho asubuhi oili itakuwa imeshuka chini ya alama hiyo, na katika baadhi ya vikopo inakaribia kabisa tundu la kufyonzea. Alama ya moto isome gari likiwa na moto, na alama ya baridi gari likiwa limelala usiku kucha. Usijaze hadi shingoni pia, maana ikipata moto itafurika na kumwagikia mkanda.

Ukishajiridhisha na oili, fuata njia yake. Ndani ya vikopo vingi, chini kabisa, kuna chujio la wavu laini. Likishajaa tope, oili ya moto bado hupita, lakini oili nzito inakwama. Hii ni sababu inayosahaulika kuliko zote, na dalili zake ni hizo hizo ulizoandika. Toa kikopo, mwaga oili, kioshe kwa dawa ya kusafishia breki, kisha pulizia hewa kutoka upande wa tundu la kutokea ili uchafu urudi ulikotoka. Kikauke kabisa kabla hujakirudisha. Kama kikopo kimeunganishwa kiwandani na chujio halionekani, na oili ilikuwa nyeusi, nunua kikopo kipya. Ni nafuu kuliko pampu kwa mbali.

Kinachofuata ni hewa. Kwenye hozi ya kufyonzea, ile nene inayotoka kikopo kwenda pampu, kuna klampu mbili au klampu moja na kiungo chenye oringi, yaani pete ya mpira ya kuzibia. Kwenye baridi mpira unakakamaa na kunywea, na klampu iliyokuwa inabana vizuri mchana inaacha mwanya asubuhi. Kwa kuwa upande huu unavuta badala ya kusukuma, mwanya huo unaingiza hewa bila kudondosha hata tone la oili. Ndiyo maana watu hutafuta uvujaji chini ya gari, hawaoni kitu, wakahukumu pampu.

Kipimo chake ni rahisi. Gari likiwa kwenye sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyaga mafuta, tia alama ya kiwango cha oili kwenye kikopo, kisha zima injini na utazame. Kiwango kikipanda kwa zaidi ya milimita 5, ndani kuna hewa: ilikuwa imebanwa, na sasa presha imeisha inatanuka na kuinua oili. Povu juu ya oili linasema hayo hayo. Kupata mahali inapoingilia, washa gari likiwa bado baridi na utone oili safi kwenye kila kiungo cha upande wa kufyonza, kimoja kimoja. Mlio ukibadilika kwa sekunde chache, umekipata. Oringi ya mdomo wa pampu ikishakuwa ngumu na bapa haina dawa isipokuwa mpya. Kwenye magari mengi inashikwa na boliti moja au mbili na kazi haifiki nusu saa. Ipake oili kabla ya kuifunga, na usibandike gundi yoyote hapo, maana vipande vyake vitaishia kwenye valvu.

Mkanda nautaja kwa kifupi kwa sababu mlio wake ni mwingine: ni ukelele mwembamba unapokata usukani, si mguno. Ukiwa na wasiwasi, nyunyizia maji kidogo upande wenye mbavu injini ikiwa inazunguka, mikono na nguo zikiwa mbali. Mlio ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, mkanda au puli haziko kwenye mstari mmoja. Ukizidi, mkanda umelegea au kirekebishaji chake kimechoka.

Tukija kwenye kubadilisha oili. Utahitaji lita mbili za oili sahihi, bomba la sindano kubwa, chupa tupu, jeki na stendi mbili, na mtu wa kukusaidia. Inua tairi za mbele zote mbili ziache ardhi, gari likae juu ya stendi na si juu ya jeki. Fyonza oili yote ya kikopo. Chomoa hozi ya kurudishia, ile nyembamba yenye klampu ya kawaida, iingize kwenye chupa, na uzibe tundu lake kwenye kikopo. Jaza kikopo oili mpya. Injini ikiwa imezimwa, mwenzako azungushe usukani polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, wewe ukiongeza oili kadiri inavyoshuka. Usikubali kikopo kikauke hata mara moja. Endeleeni hadi oili inayotoka iwe safi, kwa kawaida lita moja hadi lita moja na nusu, kisha rudisha hozi mahali pake.

Baada ya hapo toa hewa. Injini bado imezimwa na tairi bado ziko juu, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara 15 hadi 20, taratibu, ukitazama viputo vikipanda kwenye kikopo. Vikikoma, washa injini, iache sailensa dakika mbili au tatu huku unazungusha usukani polepole bila kuung'ang'aniza mwishoni. Ukiona oili imejaa povu, zima, uende zako kwa saa moja, urudi. Kuendelea kuzungusha oili yenye povu kunalivunja povu kuwa viputo vidogo zaidi ambavyo vitakaa humo siku nzima. Kazi hii ifanywe oili na gari vikiwa na uvuguvugu. Kwenye baridi kali hewa inang'ang'ania ndani ya oili nzito na utajidanganya kwamba imeisha.

Asiye na msaidizi wala stendi anaweza kwenda kwa njia ya sindano peke yake: kufyonza kikopo, kujaza mpya, kuendesha gari siku moja au mbili, kurudia. Kikopo kikiwa kinabeba asilimia 40 ya oili yote, baada ya awamu tano oili ya zamani inayobaki ni kama asilimia 8. Inachosha, ila inafanya kazi. Haitasafisha chujio, hilo bado lina haki yake.

Kuna chupa za dawa ya kuzuia kuvuja zinazouzwa zikiahidi kuponya mlio na uzito. Nyingi hufanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha sili, jambo linaloweza kukupa miezi michache kwenye gari unalotaka kulitupa. Kwa tatizo lako, ambalo ni la mtiririko, hazina msaada, na baadhi yake zinaongeza uzito wa oili, kitu ambacho ndicho hasa unachopigana nacho.

Ikiwa oili ni mpya na sahihi, chujio ni safi, hewa hakuna, lakini usukani bado ni mzito asubuhi, angalia ni mzito kwa upande gani. Uzito unaotokea upande mmoja zaidi ya mwingine, bila mlio, na unaoisha taratibu gari likipata moto, unatoka kwenye valvu ya stelingi raki, kile chombo kinachogeuza tairi unapokata usukani. Magari mengi ya General Motors ya miaka ya 1980 yalijulikana kwa hili, hata Wamarekani wakaliita ugonjwa wa asubuhi, kama wa mama mjamzito. Pete za teflon za valvu zilichimba mifereji kwenye nyumba ya alumini ya raki, na oili ikawa inapita kando ya pete badala ya kusukuma pistoni. Oili na pete zikipata moto zinatanuka na kuziba pengo, usukani unalainika. Kwa miaka ya mwanzo, hapo ndipo wenye gari walipojidanganya kwamba tatizo limekwisha. Kubadilisha pete peke yake hakusaidii kwa muda mrefu, maana mifereji imebaki kwenye alumini. Dawa ni raki nyingine, au iliyokarabatiwa kwa kuwekewa silivu ya chuma ndani.

Na uzito usiohusu oili hata kidogo upo pia. Inua tairi za mbele, injini imezimwa, geuza usukani kwa mkono wakati wa baridi. Ukikwama kwa vituo vituo, au ukiwa mzito mahali pamoja katika kila mzunguko, tazama kiungo cha mkingamo cha shafti ya usukani, hasa cha chini, ambacho hupigwa na maji na chumvi ya barabarani mpaka kikashika kutu. Dalili yake nyingine ni usukani kutorudi wenyewe baada ya kona. Mpira wa raki uliochanika nao huingiza maji yanayoganda usiku juu ya fimbo. Halafu kuna tairi: upepo wa PSI 32 uliojazwa kwenye nyuzi 25 unakuwa kama PSI 26 ukifika nyuzi 15 chini ya sifuri, na tairi iliyolala inauongezea usukani uzito ambao watu huisingizia pawa stelingi. Pima tairi zikiwa baridi.

Mwenye gari la usukani wa umeme anayesoma haya ajue kwamba kwake hakuna oili ya kulaumu. Mota ya usukani inaweza kuvuta ampea 60 au zaidi wakati wa kuegesha, na kompyuta yake hupunguza msaada volti zikishuka. Betri iliyolala yenye afya isome kama volti 12.6, na injini ikiwaka volti 13.8 hadi 14.7. Ikiwa chini ya hapo, au nyaya za ardhi zina kutu, taa ya usukani inawaka asubuhi na kuzimika baadaye. Apime betri na nyaya hizo kabla ya kuruhusu mtu afungue raki.

Wakati unasubiri kufanya kazi hii, asubuhi washa gari na uliache sailensa dakika moja au mbili. Kisha geuza usukani robo mzunguko kushoto na kulia mara kadhaa, kwa upole. Hiyo inapeleka oili ya kwenye pampu hadi kwenye raki na kurudi. Usiushikilie mwishoni zaidi ya sekunde tano, hapo valvu ya usalama iko wazi na presha yote iko kwenye hozi iliyokakamaa. Tairi zikiwa zimegandia kwenye barafu au theluji imejaa kwenye upinde wa tairi, iondoe kwanza. Ukilazimisha, hozi ya presha ndiyo hupasuka, na oili yake ikimwagikia ekzosi ya moto inaweza kushika moto.

Mwishowe, kama yote haya yamefanyika na mguno upo, ndipo pampu ihukumiwe, lakini kwa geji. Gari lilale kwa fundi usiku kucha, kwa sababu likifika kwake limeshatembea hatapata kitu. Geji yenye valvu ya kufungia huwekwa kati ya pampu na raki. Valvu ikifungwa kwa sekunde zisizozidi tano, presha inapaswa kufika kiwango cha kitabu cha gari lako. Ikifika, lakini valvu ikiwa wazi na usukani umekatwa mpaka mwisho ikabaki chini, pampu ni nzima na raki inavujisha ndani. Isipofika hata valvu ikiwa imefungwa, na oili inaingia bila kizuizi, nunua pampu. Na kabla ya kuifunga, safisha mfumo wote pamoja na kikopo, maana chembe za ile ya zamani ziko humo zinaingoja. Jaza oili, izungushe kwa mkono puli ikiwa haina mkanda hadi viputo vikome, ndipo uwashe.